Mtoto wa miaka miwili anachora ukutani kwa mkaa: nimpe nini achezee nyumbani?

Mama Ilham, Tabata

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina watoto wawili. Ilham ana miaka miwili na miezi mitatu, mdogo wake ana miezi saba. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba viwili, ua tunachangia na wapangaji wengine.

Ilham anapenda kuchora kupita kiasi. Akipata mkaa jikoni anachora, akipata chaki anachora, akipata kalamu yangu ya kazini anajichora mkono hadi kiwikoni. Juzi kachora ukuta wa sebuleni kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati, na mama mwenye nyumba alipofuata kodi akauona. Hakunifokea, ila alisema rangi nitapaka mimi. Mama mkwe wangu anasema huyu mtoto ni mharibifu, anyang'anywe kila kitu. Moyo wangu unakataa, kwa sababu nikimtazama anapochora anatulia namna ambayo hatulii kwa kitu kingine chochote.

Mwanzoni tulimpeleka kituo kimoja cha kulelea watoto huku mtaani. Walikuwa wanampa karatasi yenye picha ya tufaha au puto apake rangi ndani ya mistari. Ilikuwa inarudi nyumbani imepakwa vizuri mno, na yeyote aliyewahi kulea anajua hiyo si kazi ya mkono wa mtoto wa umri ule. Sasa anashinda na dada wa kazi, na nikirudi jioni namkuta kwenye simu anaangalia katuni.

Pesa ya vifaa vya madukani sina, na hata vile vya bei nafuu sijui usalama wake kwa mtoto ambaye bado kila kitu anakionja. Naomba kujua, nyumbani nimpe nini? Na huyu wa miezi saba, kuna cha kumfanyia au nisubiri akue?

Baba Zawadi, Morogoro

Pole na ukuta, Mama Ilham. Nimelea watatu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Mtoto wa miaka miwili hana sanaa, ana utundu, na utundu unaisha akikua. Badala ya kuhangaika na rangi ungemwanzishia a, e, i, o, u na kuhesabu, maana shule za sasa zinapokea watoto wanaojua kusoma tayari na wako ataachwa nyuma. Halafu nimeona mitandaoni watu wanawamwagia watoto mchele na tambi wachezee. Kwetu chakula hakichezewi. Unamwaga mchele sakafuni, na nyumba ya tatu kutoka kwako hawajapika tangu asubuhi.

Bi Mwalimu, Jang'ombe, Unguja

Mama Ilham mwanangu, salamu kutoka Unguja. Nimesomesha skuli za maandalizi tangu ujana wangu mpaka nikastaafu. Niliingia kazi hiyo wakati ule mradi wa maandalizi wa madrasa, ulioanzia Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, ulipofika kwetu Zanzibar mwaka 1990. Tulifundishwa kwamba vifaa vya mtoto viko nyumbani kwao, na mpaka leo naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Madarasa yetu yalijaa vifuu, makumbi ya nazi, makombe ya pwani, vizibo, na vitambaa tulivyopewa na mafundi cherehani. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza vimetoka duka gani.

Baba Zawadi ana haki katika neno lake juu ya chakula. Mimi pia simpi mtoto mchele mzima aumwage. Lakini tazameni jikoni kwenu, kuna vitu vimeshatoa riziki yake na safari yake ni jaani au kwa kuku. Hivyo ndivyo vya Ilham.

Cha kwanza kabisa ni machicha. Ukishakamua tui, usiyatupe. Yatie katika sinia, uyagawe mafungu. Fungu moja litie manjano kijiko kidogo, jingine lichanganye na maji ya makapi ya rosela, jingine uliache jeupe vilevile. Muweke Ilham mkekani, nguo umvue abaki na chupi, sinia mbele yake, na kifuu kimoja cha kuchotea. Usimwambie afanye nini. Mwanzo atayaminya tu, kisha atayahamisha kutoka huku kwenda kule, na bila ya kuambiwa ataanza kuchanganya njano na nyekundu. Hapo mtazame uso. Hicho anachokifanya ni sawa na anachokifanya mchoraji mtu mzima akiwa na rangi zake: anataka kujua kitatokea nini. Akimaliza, wape kuku. Hakikupotea kitu.

Rosela ina jambo jengine zuri. Maji yake ukiyakamulia ndimu yanazidi kuwa mekundu, na ukiyatia magadi kidogo yanageuka rangi na kuelekea kwenye buluu na kijani. Magadi tia wewe, mtoto asiyashike wala asiyaonje. Lakini muache aone rangi inavyogeuka mbele ya macho yake, kisha mpe yale ya ndimu achovye kidole na kupaka juu ya jani la mgomba. Nyekundu ya kuelekea machungwa utaipata kwa mbegu za mzingefuri, ule mti wa kutia rangi, ukiwa nao karibu, kijani kwa mchicha uliotwangwa na kukamuliwa. Nguo zitashika rangi, hasa manjano, ndiyo maana nikasema umvue.

Cha pili ni donge. Siku ya chapati, Ilham apate donge lake na kibao chake, hata kama kibao chenyewe ni kifuniko cha sufuria. Unga mbichi asile, kwa hiyo kaa naye karibu. Kama bado anameza kila kitu, mpe ugali laini uliobaki sufuriani, ulioukanda kwa maji kidogo mpaka ukashikana. Mpe na kitana, ufunguo mkubwa, kijiko, avikandamize aone alama zinazobaki. Msimtengenezee nyoka wala kikapu. Mkubwa akishatengeneza kikapu kizuri, mtoto anaacha cha kwake na kusema "nifanyie wewe", na akishazoea kusema hivyo ni kazi kumrudisha.

Sasa ukuta. Mtoto wa umri huu anachora kwa bega. Karatasi ndogo ya daftari haimtoshi kwa sababu mkono wake wote unataka kwenda, na ndiyo maana anapenda ukuta. Mpe mahali pakubwa pa kusimama na kuchora. Chukua kumbi la nazi, ligonge ncha kwa mchi mpaka nyuzi zichanuke, hiyo ndiyo brashi. Mpe kopo lenye maji kidogo, apake baraza na ukuta wa nje. Maji yanaacha alama nyeusi kwenye saruji, jua linaifuta, anachora tena. Mama mwenye nyumba hana la kudai, na mtoto kashughulika mpaka amechoka mkono. Mchangani ni vivyo hivyo, mpe kijiti. Kwetu watoto wa pwani wamechora mchangani vizazi na vizazi, bahari ikijaa inafuta.

Kwa karatasi, usinunue. Kalenda za ukutani za mwaka uliopita nyuma ni nyeupe na ni kubwa, waombe majirani na wenye maduka. Ibandike mlangoni kwa ndani, usawa wa kifua chake, na umwambie neno moja kila siku: "Ilham, mkaa unachora hapa." Akienda ukutani, mchukue kwa upole umrudishe kwenye kalenda, neno lile lile. Usimnyang'anye mkaa. Ukimnyang'anya, atakachojifunza ni kukuvizia usipokuwepo.

Huyu wa miezi saba asisubiri. Una kanga ya kisutu? Ile ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mtoto mchanga hupenda kutazama rangi zinazopingana namna hiyo, nyeusi kwa nyeupe, kuliko rangi za kufifia. Itundike pembeni ya pale anapolala mchana, mahali asipoweza kuifikia akaivuta usoni, kisha siku nyengine ibadilishe uweke nyengine. Kwa mikono yake, kwa kuwa ameshaanza kula, mpakulie uji mzito vijiko viwili vitatu kwenye sinia. Tia maji ya bitiruti katika kijiko kimoja. Mkalishe mapajani mwako, muache aupige kofi, aukokote, aupeleke mdomoni. Uji ule ni sehemu ya chakula chake, hautupwi. Anapoukokota na kuona njia nyekundu iliyobaki nyuma ya vidole vyake, ameshajua kwamba mkono wake unaweza kuacha alama duniani. Kuchora kote kunaanzia hapo. Yale machicha huyu mdogo bado, nyuzinyuzi zinaweza kumkwama kooni.

Baba Zawadi kasema a, e, i, o, u. Kaka yangu, hiyo a ni duara lenye mguu. Mtoto hawezi kuifunga duara mpaka mkono wake umezunguka mara nyingi bila ya kufunga. Katika mwaka wa pili wa umri anaanza kuacha alama, akifika miaka miwili anakwenda mbele na nyuma na kuzungusha, kwenye mitatu hivi duara inaanza kufunga. Kisha siku moja duara ile inaota macho mawili na miguu miwili, na hapo kuna mtu asiye na tumbo. Nimewaona watoto wengi sana wakipita njia hiyo, wa mjini na wa shamba, na yule aliyesukumwa kuandika kabla ya wakati wake nilimpokea akiwa ameshika penseli kwa woga. Serikali yenyewe huko kwenu bara darasa la awali imeliweka kwenye miaka 5. Ilham ana nafasi ya kutosha.

Jambo la mwisho ndilo lililo gumu kuliko kutafuta vifaa: ulimi wetu. Mtoto anakuletea kalenda yake, unamuuliza "hii nini?" Hajui. Hakuchora kitu, amechora mwendo. Akiulizwa kila mara ataanza kubuni majibu ya kukuridhisha wewe. Mwambie unachokiona: "Umezungusha, umezungusha, hapa ukabonyeza sana." Atarudi kuitazama kazi yake mwenyewe. Wazee wengine walinifuata wakiwa na wasiwasi kuhusu kuchora sura za viumbe, na niliwajibu hivyo hivyo, kwamba mtoto mdogo namna hii hachori sura. Wakatulia.

Nesi wa Kliniki ya Watoto, Tanga

Shikamoo Bi Mwalimu. Nimesoma kila neno. Naongeza ya usalama, kwa sababu mimi ndiye ninayewapokea yakishaharibika.

Maharage, choroko, mahindi na shanga visiwe vya kuchezea kwa mtoto chini ya miaka mitatu. Vinaingia puani na masikioni, na harage likiwa ndani linavimba. Kitu chochote kinachopenya kwenye kile kigunzi cha katikati cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Vizibo vya soda navyo ni hivyo hivyo, labda kwa wakubwa wa skuli ya Bi Mwalimu.

Maji ya brashi yawe kidogo kwenye kopo, na ndoo au beseni lenye maji lisiachwe karibu hata kwa dakika moja. Mtoto mdogo anazama kwenye maji machache sana.

Nyumba ambazo mama anapaka hina, mtoto lazima atake. Hina ya majani tupu sawa, lakini piko nyeusi hapana kabisa. Ile dawa inayoitia weusi inaunguza ngozi, na kovu linabaki.

Udongo wa kufinyangia nao ni mzuri, ila uwe umetolewa chini kabisa, si wa juu ambapo watu na wanyama wanapita, na mikono ioshwe kwa sabuni. Juni na Desemba msikose kampeni ya matone ya vitamini A kwa walio na miezi 6 hadi chini ya miaka mitano, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Kuhusu simu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Ile programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2021 imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kwa hiyo tukikuuliza kliniki "unacheza naye?", ujue ni swali la afya kama lile la uzito. Wengi wanafikiri tunapiga soga.

Fundi Rangi, Buguruni

Mama Ilham, kwanza ukuta wako. Usiufute kwa maji. Mkaa ukipata maji unasambaa na kuingia ndani ya rangi, na hapo utalazimika kupaka kweli. Anza na kitambaa kikavu, ukipangusa kwa juu kuja chini bila kukandamiza. Kisha chukua nyama laini ya mkate, ukande iwe donge, uligandamize juu ya alama na kulibandua. Inanyonya unga wa mkaa. Kikibaki kivuli ndipo utumie sponji lenye maji ya sabuni yaliyokamuliwa hadi karibu yakauke. Kama ukuta ulipakwa rangi ya maji ya bei ya chini, ile inayoacha unga mkononi, usisugue, utaitoa yote. Nitumie picha nikuambie ni ipi.

Pili, naomba wazazi wote wasikie. Rangi ya mafuta si ya mtoto. Watu wanaona michoro ya Tingatinga inavyong'aa, wanajua inapakwa kwa rangi ya mafuta, basi wananunua kikopo kidogo wampe mtoto. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za baiskeli juu ya vibao, kweli, na alikuwa mtu mzima anayejua kazi yake. Rangi za namna hiyo zimekuwa zikitiwa madini ya risasi kwa miaka mingi, hasa njano, nyekundu na kijani, na ukisimama dukani huwezi kujua kwa macho ipi inayo na ipi haina. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tina na tapentaini, zile za kuyeyushia rangi, ndiyo usiseme. Mlango wa zamani unaobanduka maganda, usimwache mtoto akae hapo akiyachokonoa. Ukitaka kuupiga msasa, ulowanishe kwanza, na watoto wawe kwa jirani mpaka umeshadeki.

Tatu, karatasi za mifuko ya saruji. Naona nyumba nyingi wanawapa watoto wachoree kwa sababu ni ngumu na ni kubwa. Unga unaobaki ndani ukikutana na jasho au mate unaunguza. Chokaa ya ukutani ni mbaya zaidi, ikiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Kama unataka ubao wa kudumu, tafuta kipande cha plaiwudi kwa mafundi seremala, mara nyingi vipande wanavitupa. Kipige msasa kingo zote zisiwe na vibanzi. Paka rangi ya maji nyeusi isiyong'aa, mara mbili, iache ikauke kabisa siku kadhaa ndipo umpe na chaki. Msitie ule mkaa wa betri tuliokuwa tunausugulia ubao shuleni zamani. Ule ni sumu mkononi mwa mtoto.

Baba Zawadi, Morogoro

Bi Mwalimu nashukuru kwa kunijibu kwa utulivu. La machicha limenikaa, maana nyumbani kwangu yanatupwa kila siku. Lakini bado nina wasiwasi mmoja. Mtoto aliyezoea kuchora popote, huko shuleni ataelewa saa ngapi kwamba daftari lina mistari?

Bi Mwalimu, Jang'ombe, Unguja

Ataelewa akionyeshwa, kaka. Mtoto huyo huyo anayekimbia uani anajua kwamba msikitini au kanisani hakimbii, kwa sababu mmemfundisha kila mahali na adabu yake. Kalenda mlangoni ndiyo adabu ya kwanza ya karatasi: hapa panachorwa, pale hapachorwi. Mistari itakuja juu ya hapo. Mtoto asiyekuwa na mahali popote anaporuhusiwa ndiye anayechora kila mahali.

Fundi, Mungu akuzidishie. Hilo la mkate sikulijua.

Mama Ilham, Tabata

Shikamoo Bi Mwalimu, na ahsanteni wote. Nimefanya ya maji na kumbi. Ilham alipaka baraza lote, akapaka na miguu ya jirani aliyekuwa amekaa pale anachambua mboga, jirani akacheka akampa mguu wa pili. Mkate umetoa karibu alama zote, Fundi, kimebaki kivuli karibu na kabati, picha nakutumia.

Nina mawili yamebaki. Ilham anashika kila kitu kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe akiona anauhamishia mkaa kulia, mtoto anauacha chini na kuondoka. Nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?

La pili ni dada. Nimemweleza kuhusu machicha na sinia, akaitika "sawa dada", lakini nikirudi sinia ni kavu na simu ina moto. Ni binti mzuri, watoto anawapenda, simlaumu. Sijui nianzie wapi.

Bi Mwalimu, Jang'ombe, Unguja

Marahaba mwanangu.

Kwa mama mkwe, tenganisha kula na kuchora. Mwambie: "Mama, kula na kusalimia tutamfundisha kulia pamoja, nisaidie. Kuchora tumuache kwanza." Umempa heshima yake na kazi yake, hutakuwa umemkataa. Miaka miwili mkono bado unaweza kubadilika wenyewe, wengine wanacheza na yote miwili kwa muda mrefu. Ukiwa wa kushoto, basi Mwenyezi Mungu ndiye aliyemuumba hivyo, na kumlazimisha ni kumfanya aache kuchora, jambo ambalo umeshaliona kwa macho yako. Muweke mama akae mkekani wakati Ilham anacheza. Mpe ukili asuke pembeni yake kama anajua kusuka. Bibi akiwa na kazi yake mkononi, na mjukuu na yake, watakaa muda mrefu bila ya kugombana, na mtoto atapata kuona vidole vya mtu mzima vikitengeneza kitu tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa huyo binti. Mwanangu, jiulize ukirudi jioni unatazama nini kwanza. Kama unatazama sakafu, vyombo na nguo, naye anajua hivyo. Mtoto mwenye simu hachafui sakafu. Mtoto mwenye machicha ya manjano anachafua, na wa kuulizwa ni yeye. Wewe umempa sinia, lakini ruhusa ya uchafu hujampa, na mtu anayelipwa kwa usafi hawezi kujipa ruhusa hiyo mwenyewe.

Mwambie waziwazi, mbele ya baba wa watoto, ili wote muwe na neno moja: kuanzia chai ya asubuhi mpaka karibu na adhuhuri kona ile ya uani ikichafuka hakuna atakayeulizwa. Jamvi liwe moja la kazi hiyo, nguo ya kuchezea iwe moja. Punguza kitu kimoja katika kazi zake za asubuhi, kama ni kufua, kihamie siku nyengine, maana huwezi kumuongezea bila ya kumpunguzia. Na siku yako ya mapumziko kaa naye chini, mfanye wote watatu. Usimuelekeze. Mpe kumbi lake na jani lake la mgomba. Mabinti wengi wanaokuja kutumika majumbani walitolewa kwao wadogo, na kuna niliowaona wakishika rangi kwa mara ya kwanza mbele ya watoto wanaowalea. Akishaonja mwenyewe hutahitaji kumkumbusha.

Ukirudi jioni muulize, "Leo Ilham alifanya nini na machicha?" Muulize kabla hujatazama sakafu. Atakuwa na la kukuambia, na atalitafuta zaidi kesho kwa sababu anajua utauliza.

Ila machicha yawe ya siku hiyo hiyo. Kwa joto la Dar yakifika alasiri yameshachacha, usimpe mtoto hata kama yananukia vizuri. Mkipika bila ya nazi siku hiyo, atumie maganda ya viazi vitamu mliyoyaosha, au maji na baraza.